Nihamie Linux, Nilazimishe Windows 11, au Nibaki Nilipo?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Malimbe, Mwanza. Ninaendesha steshenari ndogo, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo wanaokuja kuprinti tafiti zao, kutoa kopi, kuskani vyeti na kuomba mikopo au kazi kwa njia ya mtandao. Huja pia familia zinazotaka kadi za michango, za sendofu na za harusi. Nina kompyuta tatu za mezani nilizonunua zikiwa zimetumika Ulaya. Zote zina prosesa ya Core i5-6500, RAM ya gigabaiti 8 na diski za zamani za gigabaiti 500. Ukiacha uzito wa kuwaka asubuhi, sijawahi kuziona zikinishinda kazi.

Shida yangu ilianza pale skrini zilipoanza kunitangazia kwamba Windows 10 haihudumiwi tena na kwamba mashine zangu hazina sifa za kupokea Windows 11. Inaniuma kuambiwa kwamba kitu kizima, nilichokinunua kwa fedha ya kikoba na ambacho bado kinanilisha, kimefika mwisho kwa sababu ya programu tu. Nimeomba ushauri kwa watu watatu na kila mmoja amenipa jibu lake.

Fundi anayenihudumia anasema atanipigia Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine zote, kwa programu inayoruka ukaguzi, kisha ataiwezesha bila leseni kama alivyofanya kwa Windows 10. Ninamwogopa kidogo, kwa sababu baada ya kazi yake ya mwisho antivairasi haikuwashwa tena, na katika msimu wa kuwasilisha tafiti flashi ya mteja mmoja ilieneza virusi kwenye kompyuta zote tatu. Mafaili ya wanafunzi yaligeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Kuna binti alikaa kwenye benchi langu tangu mchana hadi jioni akiwa ameshika flashi yenye sura tano za utafiti wake, na sikuwa na la kumwambia.

Mpwa wangu, anayesoma masomo ya kompyuta chuoni, ananisihi nihamishie mashine zote kwenye Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, kwani ni bure na haiguswi na virusi hivyo. Aliniwekea kwenye mashine moja ili nijaribu. Siku ya kwanza nilifungua utafiti wa mteja, na jedwali la yaliyomo lilikuwa limesogea, namba za kirumi za kurasa za mwanzo zilikuwa zimepotea, na ukurasa wa jalada ulikuwa umegawanyika mara mbili. Niliona aibu mbele ya mteja, nikamwambia mpwa wangu arudishe kama ilivyokuwa.

Mume wangu naye huwaandikia hesabu wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kwa programu ya Tally. Yeye anasema biashara haifanyiwi majaribio kwa vitu vya wanafunzi, na kwamba afadhali tuuze zote tatu tununue moja mpya. Msichana ninayemwajiri anachapa haraka sana kwenye Word na kadi zote huzitengeneza kwenye Publisher. Nikimbadilishia programu ninahofia foleni itafika barabarani. Zaidi ya hayo, tunatumia modemu ya bando, na kompyuta zikianza kupakua masasisho bando la wiki huisha katikati ya wiki.

Mteja mmoja ameniambia ninunue Mac nitulie. Nimechoka kusikiliza. Naomba unieleze kama hatari hii ni ya kweli, na kama ni ya kweli, nichague mfumo upi kwa kompyuta hizi tatu bila kuvunja biashara na bila kugombana na mume wangu.

Mama wa Steshenari, Malimbe

*

Dada yangu wa Malimbe,

Pole kwa mkanganyiko, na pole zaidi kwa yule binti wa sura tano. Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: usichague mfumo mmoja kwa kompyuta zote tatu. Ya mume wako ibaki na Windows yenye leseni halali. Ya kupokelea flashi na kufungulia tovuti za wateja iende Linux Mint. Ya msichana wako iendelee na Windows kwa sasa, hadi kazi ya kadi itakapopata njia nyingine. Washauri wako watatu wote wamekosea mahali pamoja, kwa kuwa kila mmoja anataka mashine zote zitendewe jambo moja, ilhali kazi zinazofanywa juu yake hazifanani.

Hatari ni ya kweli. Windows 10 ilitolewa Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo wala haitazimika kesho, na ndiyo maana watu wengi wanaona tangazo lile ni la kuwauzia vitu. Kilichokoma ni kuziba mianya. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia, na mfumo usiohudumiwa hubaki nayo yote. Ni mtumbwi ambao fundi ameacha kuukalafati, leo unaelea, lakini maji yanajua pa kuingilia. Kwa mtu anayetumia kompyuta nyumbani kusikiliza muziki, ningesema asikimbilie lolote. Kwako wewe hali ni nyingine. Kwenye kaunta yako hupita flashi za watu usiowajua tangu asubuhi hadi jioni, na wateja huandika hapo nywila zao za HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na za Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi serikalini), namba zao za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na taarifa za vyeti vyao. Wanakukabidhi vitu ambavyo vikiibwa wao ndio watakaoumia, na wengi wao hawatajua kamwe viliibiwa wapi. Kwa hiyo sikushauri ubaki ulipo.

Sasa nizungumzie pendekezo la fundi, kwa sababu lina mambo mawili ambayo yeye ameyafunga pamoja na ambayo wewe inakupasa kuyatenganisha. La kwanza ni kulazimisha Windows 11. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, unataka mashine iwe na kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM cha toleo la 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe kwa kawaida ya kizazi cha 8 au zaidi. Angalia jina la prosesa yako: katika i5-6500 tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, maana yake ni kizazi cha 6. Mashine yenye i5-8500 ingepokelewa. Ukikutana na i5-10500 soma tarakimu mbili, hiyo ni ya kizazi cha 10. Ukaguzi huo unaweza kurukwa, fundi wako hasemi uongo, na mashine kama zako kwa kawaida zitawaka na kufanya kazi. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina haki ya kudai masasisho, na kila linapotoka toleo kubwa la mwaka huenda ukalazimika kumwita fundi aliingize tena kwa nguvu. Utakuwa umenunua ahadi ambayo mtoaji wake hajaitia saini.

La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuwezesha bila leseni. Programu nyingi zinazofanya kazi hiyo hudai antivairasi izimwe kwanza, na zipo zinazokuja na virusi ndani yake. Kwa maelezo uliyonipa, inaelekea sana kwamba mlango ulioachwa wazi siku ile ndio huo. Fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye ukurasa wa uwezeshaji, usome maneno yaliyoandikwa hapo. Yakisema kwamba Windows imewezeshwa kwa huduma ya taasisi yako, ilhali steshenari yako haina seva wala taasisi yoyote nyuma yake, ujue leseni hiyo ni ya kughushi. Hata hivyo lipo jambo la kukupa moyo. Kompyuta nyingi za ofisi zinazotoka Ulaya huwa na leseni yake halali iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama tangu kiwandani, na mafundi huzifuta na kuziwekea nakala ya kughushi bila haja yoyote, kwa mazoea tu. Kabla ya kulipia chochote, omba uwekewe upya Windows 10 safi iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, bila kuandika namba yoyote ya leseni, kisha iunganishwe na intaneti. Ikiwa mashine ina leseni yake, itajiwezesha yenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwa shemeji. Mwambie kwamba kuhusu Tally mimi niko upande wake. Tally imeandikwa kwa ajili ya Windows, na ingawa zipo njia za kuiendesha juu ya Linux kwa programu ya kuigiza inayoitwa Wine, sitamshauri mtu anayeshika hesabu za wafanyabiashara wengine aendeshe hesabu hizo juu ya kitu ambacho watengenezaji wa Tally hawatakisaidia siku kikikwama. Mashine yake ibaki na Windows 10 halali kwa muda, na aiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kuingia ni kwa kulipa dola 30 za Marekani, au bila kulipa iwapo atakubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kwa kompyuta za kampuni mpango ni mwingine, dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka mara mbili kila mwaka hadi miaka mitatu, kiasi ambacho kwa mashine ya umri huu sioni maana yake. Muda huo mtautumia kutafuta kompyuta moja iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye leseni yake, ambayo itapokea Windows 11 bila kulazimishwa. Shemeji atapata mashine anayoitaka, ila mtanunua moja badala ya kuuza tatu. Na kompyuta za kizazi cha 6 zikiuzwa sasa, wakati kila ofisi inaziondoa, hazitawapa bei ya maana.

Nakuja kwenye Linux Mint na aibu uliyoipata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa bila kuelezwa kilichotokea. Mint haikuharibu utafiti ule. Inakuja na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayofanya kazi za Word, na LibreOffice huisoma hati ya Word kwa kuitafsiri. Kuna sehemu mbili ambazo tafsiri hiyo huteleza zaidi. Ya kwanza ni fonti. Times New Roman na Calibri ni mali ya makampuni, hivyo Mint huweka badala yake Liberation Serif na Carlito, ambazo herufi zake zimepimwa upana uleule ili mistari isisogee. Lakini Carlito ikiwa haijasakinishwa, au mwanafunzi akiwa ametumia fonti nyingine yenye madoido kwenye jalada, kompyuta huchukua yoyote iliyo karibu, maneno yanarefuka, na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Kuanzia 2023 Word mpya zimeanza kutumia fonti inayoitwa Aptos, ambayo hata Office yako ya zamani haina, kwa hiyo tatizo hili lingekufikia hata bila Mint. Sehemu ya pili ni zile namba za kirumi. Word hugawanya hati kwa vipande, kila kipande na namba zake, ilhali LibreOffice hutumia mitindo ya kurasa. Katika kuhama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine, kurasa za i, ii, iii zinazotangulia sura ya kwanza ndizo zinazoumia.

Dawa ya jambo hili iko kaunta, wala hutaipata kwenye mfumo wowote. Hati inayokuja kuprintiwa na haihitaji kurekebishwa, mwombe mteja aje nayo ikiwa PDF. PDF itaonekana vilevile kwenye Windows, kwenye Mint na kwenye simu. Bandika tangazo ukutani, na uwaonyeshe wanafunzi kwamba Word yenyewe ina nafasi ya kuhifadhi kwa PDF. Baada ya muda mfupi watafundishana. Hati inayohitaji kusahihishwa ifunguliwe kwenye mashine yenye Word, ambayo bado unayo. Ukifuata mpango huu, mashine ya Mint haitalazimika kutafsiri tafiti hata kidogo.

Kazi yake itakuwa kupokea flashi, na hapo sijaona mfumo mwingine unaoifaa steshenari zaidi. Virusi vile vya njia za mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint hubaki kama mafaili yasiyofanya lolote. Tena, virusi hivyo kwa kawaida havifuti hati za mteja. Huzitia alama ya kufichwa, wakati mwingine vikizisukuma ndani ya folda isiyo na jina, kisha vikaweka njia ya mkato mahali pake. Mint haiitii alama hiyo ya kufichwa ya Windows, kwa hiyo ukichomeka flashi iliyougua, hati halisi huonekana wazi zikiwa pembeni ya zile za uongo. Unazihamishia kwenye folda, unaifomati flashi, unazirudisha. Huenda sura tano za yule binti zilikuwa humo ndani ya flashi muda wote aliokaa kwenye benchi. Usimwamini tu anayesema Linux haina haja ya uangalifu: virusi visivyoidhuru Mint bado vinaweza kusafiri ndani ya hati kutoka kwako kwenda kwenye kompyuta ya mteja mwingine, kwa hiyo njia za mkato zisizojulikana zifutwe kila mara.

Mashine hiyohiyo itafungua tovuti zote unazozihitaji. Maombi ya HESLB, Ajira Portal, RITA (vyeti vya kuzaliwa), BRELA (usajili wa biashara) na barua pepe hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox ya Mint kwa kazi hizo ni sawa na ya Windows.

Printa ndizo zinazohitaji kupimwa kabla ya kuamua, na bahati nzuri Mint inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mpwa wako apakue faili lake, lenye ukubwa wa takriban gigabaiti 3, kwa intaneti ya chuo ili lisile bando lako, aliandike kwenye flashi, na mwashe mashine kwa flashi hiyo siku ambayo wateja ni wachache. Chomekeni kila printa na kila skana mliyonayo. Printa nyingi za HP na zile za Epson za tangi la wino hukubali. Baadhi ya mashine kubwa za kopi hudai dereva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) inayopaswa kutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kuna chache zisizo nayo kabisa. Yapo pia mambo madogo ambayo mwanafunzi asiyewahi kuendesha steshenari hawezi kuyajua: printa ya Epson ikijaza sponji ya wino taka ikawasha taa na kugoma, programu zinazotumiwa na mafundi wetu kuifuta hesabu ya wino huo ni za Windows. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoiondoa Windows dukani.

Kuhusu msichana wako, hofu yako ina msingi, ila imelenga pasipo. Microsoft imekwisha kutangaza kwamba Publisher haitahudumiwa tena kuanzia Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza hata kuyafungua mafaili yake ndani ya programu hiyo baada ya hapo. Kwa hiyo kadi zako zitahitaji makao mapya hata usipogusa Linux. Anza sasa kuzihifadhi zote kwa PDF pamoja na faili la asili. LibreOffice Draw huweza kufungua faili la Publisher, ingawa picha na nafasi za maneno huhitaji kunyooshwa, na Inkscape ni chombo kizuri cha kadi kwa mtu aliye tayari kujifunza. Mpe muda wa saa za utulivu, aanze na kadi moja ya michango, asilazimishwe kujifunza foleni ikiwa imesimama. Mashine yake iendelee na Windows wakati huo, lakini flashi za wateja zisichomekwe humo hata moja. Kila kitu kiingie kwanza kwenye mashine ya Mint. Na ikiwa baada ya kuwekewa upya nayo itaonekana ina leseni halali, iandikishwe kwenye mpango uleule wa masasisho ya ziada. Ikikosa leseni, iondolewe kwenye intaneti kabisa, ifanye kazi ya kuchapa na kadi peke yake.

Nimeona katika maneno ya shemeji dhana kwamba programu hizi huria ni za wanafunzi. Naiheshimu hofu yake, lakini sikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Watu wetu waliiamini kazi hii zaidi ya miaka 20 iliyopita, na inanisikitisha kwamba steshenari chache zinaijua.

Swali zito zaidi dhidi ya Mint ni lingine, nalo hakuna aliyekuuliza: itakapokwama, nani ataitengeneza? Mafundi wengi mjini wanaijua Windows, na mpwa wako atamaliza chuo aende zake. Usiiweke kabla hajakufundisha wewe na msichana wako mambo ya lazima: kuongeza printa, kupokea masasisho, na kutumia Timeshift, ambayo huhifadhi hali ya mfumo ili ukiharibika urudishwe ulivyokuwa jana. Ayaandike kwenye daftari kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, likae kaunta. Matoleo ya mfululizo wa Mint 22, yaliyoanza Julai 2024, yatahudumiwa hadi 2029, hivyo mkishajifunza hamtahamishwa tena karibuni.

Bando lako linaweza kuokolewa leo hii. Kwenye Windows, fungua sifa za mtandao unaoutumia na uutie alama kwamba ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo; masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Mint hukuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, na hupakui hadi ukubali mwenyewe. Lakini kuyazuia moja kwa moja ni kurudi kulekule kwenye mianya. Tenga siku moja katika wiki, baada ya kufunga, ya kuyapokea yote.

Mac nzuri ni ghali, haitaendesha Tally wala Publisher, na ukishawishiwa kununua ya zamani yenye prosesa ya Intel, ujue kwamba macOS ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzipokea. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni ya bure na nyepesi, ila bila intaneti haina msaada mkubwa, nawe unaishi kwa bando.

Fedha mliyokuwa mmeipangia kompyuta mpya ianze na diski za SSD, yaani diski za kisasa zenye kasi, za mashine hizi tatu, kwa sababu uzito wa asubuhi unaoulalamikia unatokana zaidi na diski za zamani kuliko mfumo, kisha UPS, betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika diski hakuna mfumo utakaokuokoa. Nakili mafaili yote ya duka na vitabu vya Tally kwenye diski ya nje kabla fundi wala mpwa hajagusa kitu, na diski hiyo ikae nyumbani, si dukani. Mashine ya kizazi cha 8 mnaweza kuitafuta kwa nafasi, mradi iwe mezani kwa shemeji kabla ya Oktoba 2026.